Namna ya kupiga picha za saratani inayosambaa mwilini mwa panya wa maabara

Nafundisha vijana wa maabara hapa Dodoma. Swali wanaloniletea mara kwa mara ni hili: "Mwalimu, kuna doa linang'aa kifuani mwa panya, saratani si imeshafika mapafuni?" Huwa nawajibu kwamba bado hatujui, na kazi ya kujua huanza wiki kadhaa kabla ya kuwasha kamera.

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kiwe mkononi kwanza. Kisha chagua seli. Kwa saratani ya matiti, seli za 4T1 zinafaa: zilitoka kwa panya wa BALB/c, ukoo mmoja wa panya wa maabara, na husambaa zenyewe kutoka kwenye titi hadi mapafu, ini na mifupa. Zidunge kwenye mafuta ya titi. Ukizipitisha kwenye mshipa wa mkia, nyingi hukwama mapafuni moja kwa moja; hapo umeona seli zikitua, hujaziona zikihama. Liandike hilo wazi kwenye ripoti.

Kabla ya kudungwa, seli zipandikizwe jeni ya protini inayong'aa ikimulikwa. GFP, ile ya kijani iliyotokana na yavuyavu, ni nzuri chini ya hadubini, lakini ndani ya mwili himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, humeza sehemu kubwa ya mwanga wake wa nanomita 509 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake). Kwa panya mzima napendelea protini kama iRFP713, inayotoa mwanga mwekundu uliokolea, kwa sababu mwanga wa kati ya nanomita 650 na 900 hupenya nyama vizuri zaidi.

Sasa chakula, na hapa naomba utulie. Vyakula vingi vya panya wa maabara huchanganywa majani ya alfalfa, na klorofili iliyomo hung'aa nyekundu karibu na nanomita 680, jirani kabisa na protini yako. Vijana wasiponiamini nawatuma Soko la Majengo wakanunue fungu la mchicha. Tunaponda majani, tunayaloweka kwenye spiriti, tunachuja kwenye glasi, tunazima taa na kumulika kwa tochi ya kukagulia noti. Maji yale ya kijani yanakuwa mekundu kama damu. Ndicho kinachotokea tumboni mwa panya wako! Mbadilishie chakula kisicho na majani angalau wiki moja kabla.

Siku ya picha mnyoe, mlaze kwa isofluraini, dawa ya usingizi ya kuvuta, juu ya kitanda chenye joto la nyuzi 37. Asubuhi za Juni na Julai kwetu ni za baridi, na panya aliyelazwa hupoteza joto haraka. Uvimbe wa awali ufunike kwa karatasi nyeusi, la sivyo mwanga wake utameza kifua kizima. Pembeni mlaze panya wa kulinganisha: umri uleule, chakula kilekile, kanyolewa vilevile, ila hana seli zinazong'aa. Chochote kinachong'aa kwake si saratani. Mipangilio ya kamera isibadilike wiki hadi wiki, na pikseli zisijae mwanga kupita kiasi, maana namba zake hazitakufaa.

Mwisho wa jaribio, baada ya kumuua panya kwa njia iliyoidhinishwa, toa mapafu, ini na tezi za limfu, vipange kwenye karatasi nyeusi, upige tena. Doa lisipoonekana kwenye pafu lenyewe, lifute. Mapafu yaende kwenye fomalini ya asilimia 10 (maji ya kuhifadhia viungo visioze), yakatwe na kutiwa rangi, hata yale ambayo hayakung'aa, kwa kuwa kundi dogo la seli laweza kuipita kamera. Mtaalamu wa patholojia akishaziona seli kwa hadubini, andika "mapafu" kwenye daftari, pamoja na namba ya panya na namba ya slaidi.