Namna ya Kujiandaa kwa Shahada ya Uzamili ya Sheria na Sera za Bahari

Kabla ya kujaza fomu ya chuo chochote, soma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, hasa ibara ya 74, inayoeleza jinsi nchi jirani zinavyogawana ukanda wa kiuchumi, yaani eneo la bahari ambalo nchi ina haki ya kutumia rasilimali zake, unaofika maili 200 za baharini kutoka pwani. Kisha isome hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 12 Oktoba 2021 kati ya Somalia na Kenya, kwa kuwa humo utaona majaji wakikataa hoja ya Kenya kwamba mpaka ulikwishakubaliwa kimyakimya, na papo hapo wakiusogeza mstari wa kati, yaani ule ulio umbali sawa kutoka pwani za nchi zote mbili, kuelekea kaskazini kwa manufaa ya Kenya. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mada nzuri ya utafiti huzaliwa.

Kuhusu chuo, mwanasheria aitazame taasisi ya Malta iliyoanzishwa mwaka 1988 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari. Anayeelekea zaidi kwenye sera na utawala wa bandari akitazame Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia kilichopo Malmö, Sweden. Barua ya mwajiri iombwe mapema.