SOMO: Umeweka greilisti kwenye seva ya meili? Baunsi usiziambie zirudi baadaye

Wakuu habari za leo, hili somo nilimuahidi mdau mmoja tangu wiki iliyopita, umeme huku Nyakato ukawa unakata na kurudi nikashindwa kumaliza, leo nalimwaga lote. Ni kwa wale mnaoendesha seva ya meili wenyewe, Postfix (programu inayopokea na kutuma meili) pamoja na Postgrey (kijalizo chake kinachofanya greilisti).

Naanza na kisa maana ndo kilichonifundisha. Kuna ofisi karibu na mwalo wa Kirumba wanauza mabondo ya sangara nje, meili zao nawasimamia mimi. Mhasibu wao akatuma profoma kwa mnunuzi saa tatu asubuhi, hadi jioni haijafika, mnunuzi anagomba WhatsApp, mhasibu ananigombeza mimi, nafungua logi nakuta mstari mmoja unajirudia tu:

451 Could not complete sender verify callout

Nikasema hawa jamaa seva yao mbovu. Kumbe ubovu ulikuwa kwangu.

Twende taratibu. Greilisti aliielezea Evan Harris mwaka 2003, wazo lenyewe rahisi: seva yako inaangalia vitu vitatu, IP ya anayeleta, anwani ya mtumaji na anwani ya mpokeaji, kama hivyo vitatu haijawahi kuviona pamoja inajibu 450, yaani rudi baadaye (namba zinazoanza na 4 ni za kukataliwa kwa muda tu). Seva ya kweli ina foleni, itarudi. Roboti la spamu mara nyingi halina muda huo. Difolti ya Postgrey ni kusubirisha sekunde 300.

Sasa baunsi. Baunsi ni meili ya kukupa taarifa kwamba ulichotuma hakijafika, na mtumaji wake huwa mtupu, kwenye logi unaona from=<>. Imefanywa hivyo makusudi ili seva mbili zisije zikarudishiana baunsi mpaka kiama. Lakini ndo hapo pana mtego: meili ya kawaida ikikwama mwenyewe anaambiwa, baunsi ikikwama hakuna wa kuambiwa, inakufa na haina hata matanga. Postfix kwa difolti inaihangaikia siku 5, ila kuna maadmini wameweka bounce_queue_lifetime = 0, hao wanajaribu mara moja tu wanaitupa, kwahiyo ukiwajibu 450 mtu wako hatajua kamwe kwamba oda yake haikufika.

Na sio baunsi peke yake. Seva ya yule mnunuzi ilikuwa Exim (programu nyingine ya meili kama Postfix) imewashiwa ukaguzi wa mtumaji: kabla haijapokea profoma inageuka inapiga hodi kwangu, huyu mhasibu yupo kweli? na inapiga hodi kwa <> hiyohiyo. Postgrey yangu inaijibu rudi baadaye, nayo Exim inamgeukia Postfix wangu aliyeleta profoma inamwambia rudi baadaye. Yaani watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzie njoo kesho. Ingekuwa IP moja raundi ya pili ingepita, ila wale walikuwa na seva kadhaa kwenye mitandao tofauti, kila hodi ni mgeni mpya.

HATUA YA 1. Angalia kama na wewe unaumwa:

grep Greylisted /var/log/mail.log | grep 'from=<>'

Ikitoa mistari, endelea.

HATUA YA 2. Tengeneza faili /etc/postfix/watupu, ndani mstari mmoja tu:

<> OK

Kisha postmap /etc/postfix/watupu

HATUA YA 3. Hii ndo ya kuwa makini, mpangilio kwenye main.cf (faili kuu la mipangilio ya Postfix) uwe hivi:

smtpd_recipient_restrictions =
  permit_mynetworks,
  permit_sasl_authenticated,
  reject_unauth_destination,
  reject_unlisted_recipient,
  check_sender_access hash:/etc/postfix/watupu,
  check_policy_service inet:127.0.0.1:10023

Mstari wa mwisho, check_policy_service, ndo unaoita Postgrey. Ile OK ya faili la watupu maana yake ni pita, usiulizwe tena. Kwahiyo ukiiweka juu ya reject_unauth_destination unaweza kujikuta umefungulia dunia nzima ipitishie meili kwako, mradi wajiite <>. Na reject_unlisted_recipient iwe juu pia, anwani ambayo haipo ikataliwe palepale mlangoni, usipokee halafu uanze kutuma baunsi kwa watu wasiohusika.

HATUA YA 4. Ongeza:

smtpd_data_restrictions = reject_multi_recipient_bounce

Baunsi halali inaenda kwa mtu mmoja, aliyetuma. Ikija na wapokeaji kumi hiyo ni spamu imevaa kanzu. Baada ya hapo postfix reload, basi.

MASWALI

Mdau wa Bukoba: Mkuu asante, ila si umewafungulia spamu njia? Na wao wataandika <>.
Jibu: Wapo wanaofanya hivyo, kweli. Ndo maana ya hatua ya 4, na kama unatumia orodha nyeusi za IP ziweke juu ya mstari wa watupu, zikiwa chini hazitasomwa. Vilevile kichujio cha maudhui kinabaki palepale, ulichoondoa ni kusubirishwa tu.

Dada wa Musoma: Bosi wangu anapata baunsi mia na kitu kwa siku za meili ambazo hajatuma, anasema nimemhaki 😭
Jibu: Pole dada yangu. Fungua baunsi moja, chini huwa wameambatanisha vichwa vya meili ya awali. Chukua Message-ID (utambulisho wa meili hiyo) uitafute kwenye logi yako, tazama na mistari ya Received (inaonyesha seva ilizopitia). Kama IP ya seva yako haimo popote, kuna mtu kaazima jina la bosi tu, spamu imetokea kwingine. Weka SPF (rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) kwenye domeni, haitazimaliza zote ila zitapungua. IP yako ikiwemo, badili paswedi sasa hivi kabla ya chai.

Mdau wa Geita: Mwangaluka mkuu. Kuna mashine ya skani ya mteja, akitutumia inampa baunsi palepale na namba ni 450, si umesema 4 ni ya muda?
Jibu: Ni ya muda, tatizo hiyo mashine haina foleni, ikiambiwa subiri inaona imefukuzwa. Andika IP yake kwenye /etc/postgrey/whitelist_clients.local (orodha ya wasiosubirishwa) uristati Postgrey. IP hiyo moja tu, usiingize mtandao mzima wa kampuni ya intaneti.

Mdau wa Bukoba: Nimerudi tena mkuu, nimefuata yote bado naona Greylisted na from=<>.
Jibu: Bandika mistari yako tuione.
Mdau wa Bukoba: reject_unauth_destination, reject_unlisted_recipient, check_policy_service, check_sender_access
Jibu: Postfix inasoma kutoka juu kaka, Postgrey ameshamrudisha mgeni kabla faili la watupu halijafunguliwa. Geuza hiyo miwili ya mwisho.
Mdau wa Bukoba: Dah. Imekubali.