Mafua yamekwisha, kichwa bado kinauma: anza na daftari

Kama homa imeshuka, kikohozi kimekwisha na kichwa bado kinauma kila siku, chukua daftari kabla hujarudi duka la dawa. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Baada ya mafua makali kichwa kilinibana muda mrefu, kuanzia kisogoni hadi juu ya macho, nami nikatumia kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja.

Kuna hali ambazo hazingoji daftari: maumivu makali yaliyokuja kwa ghafla kama radi, shingo kukakamaa, homa kurudi, kutapika mfululizo, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kulegea, degedege, au kuongea ovyo. Hapo nenda hospitali, kwetu ni Mawenzi au KCMC, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mjamzito na mwenye VVU wasivumilie hata maumivu ya kawaida, waende wakapimwe mapema.

Huku kwetu kila kichwa ni malaria au taifodi. Pima. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole kinatoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kikionyesha huna, usimeze mseto, dawa ya malaria, eti kwa tahadhari. Ukiwa hapo, pima na presha.

Sasa daftari. Andika tarehe, saa kichwa kilipoanza, ukali wake kuanzia 0 hadi 10, usingizi wa jana, na dawa uliyomeza. Safu ya dawa ndiyo muhimu kuliko zote. Mama mmoja mteja wangu nilimwambia atie alama nyekundu kila siku anayomeza panado. Alileta ukurasa umejaa wekundu, akashangaa mwenyewe, maana alikuwa anameza viwili tu kila asubuhi. Panado au ibuprofeni ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, inaweza yenyewe kuendeleza maumivu ya kichwa. Kwa zenye mchanganyiko, kama za kafeini au kodeini, hata siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta shida hiyo. Kinachohesabiwa ni siku, si vidonge. Usimeze dawa za maumivu zaidi ya siku 2 kwa wiki. Ukipunguza, kichwa huzidi kwanza kabla ya kutulia, kwa hiyo usikate tamaa. Kama ulikuwa unatumia yenye kodeini, iache kwa usimamizi wa daktari.

Virusi huondoka, lakini mishipa ya fahamu ya kichwani hubaki nyepesi kushtuka. Kwa hiyo lala na uamke saa zile zile, kunywa maji, usiruke chakula cha asubuhi. Chai ya rangi iwe kiasi kile kile kila siku, maana kuiacha ghafla nako huleta kichwa. Kazini rudi polepole. Mimi baada ya kila kipande nilichoshona nilisimama, nikashusha mabega, nikageuza shingo taratibu kushoto na kulia.

Wiki zikipita bila nafuu, mpelekee daktari daftari lenyewe. Muulize kuhusu dawa ya kuzuia. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku hutumika sana. Huleta usingizi na kukausha mdomo, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Kama unaendesha bodaboda, mwambie kabla hajaandika.