Kupima mchele ndani ya boti ya Pemba: uzito hucheza, tungamo halichezi

Chukua mfuko wa mchele wa kilo 5 na mizani ya springi ya kilo 10, ile ya mshale na ndoano. Ya umeme haifai: nyingi husubiri namba itulie ndipo zikuoneshe, nawe unautaka huo mchezo wenyewe.

Kabla ya kupanda boti pale bandari ya Malindi, Unguja, tundika mfuko, usubiri utulie, mshale usome 5. Uso wa mizani umeandikwa kilo, lakini kilichovuta springi ni kani, yaani nguvu ya kuvuta: 5 × 9.78 (hiyo 9.78 ni mvutano wa dunia), karibu nyutoni 49. Huo ndio uzito. Tungamo ni wingi wa mchele wenyewe.

Ndani ya boti funga mizani kwenye bomba la juu. Usiishike, mkono hukunjika ukameza mtikisiko. Kaa upande wa omo, ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Mkishapita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, soma mshale:

usomaji = 5 × (9.78 + mchapuko) ÷ 9.78

Mchapuko ni kiasi kasi inavyobadilika kila sekunde: wa kwenda juu ni chanya, wa kwenda chini ni hasi. Boti ikipandishwa na kushushwa kimo cha mita 1 kila sekunde 6, mchapuko hufika 0.55 hivi, na mshale hutembea kati ya 4.7 na 5.3.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: hudhani mshale utapanda boti ikipanda. Sivyo. Mshale huwa juu kabisa boti ikiwa bondeni mwa wimbi, imeacha kushuka na inaanza kusukumwa juu. Mchele huwa mwepesi mgongoni mwa wimbi, hapo hapo matumbo yanapokupanda kifuani. Katikati, boti ikipanda kwa kasi yake yote, mshale husoma 5 ile ile, kwani kasi haibadiliki.

Ukitaka tungamo, tumia mizani ya vitanga viwili na mawe yake. Wimbi hulemeza vitanga vyote sawasawa, mawe ya kilo 5 yakabaki kulingana na mchele. (Pishi nayo haijali wimbi, maana hupima ujazo.)

Mshale ukitetemeka mara nyingi kwa sekunde, hiyo ni injini au springi yenyewe. Soma katikati ya mtetemo. Mfuko ukipembea, usisome kitu: kupembea kwenyewe huongeza mvuto kila unapopita chini. Uzuie kwa kiganja, uachie taratibu, uanze upya.