Somo: Kuziba tundu la boti ya faiba ili kiraka kisibanduke

Tunasema "faiba" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni viwili: nyuzi za kioo na resini. Nyuzi hubeba mvuto. Resini huzishikanisha na kugawa mzigo kati yao. Hiyo ndiyo kompositi. Ukuta wa fito na udongo ni jamaa yake, na zege lenye nondo pia. Resini tupu ikishakauka huvunjika kama biskuti, kwa hiyo anayeimwaga kwa wingi "ili kiraka kiwe kigumu" anajidanganya.

Hatua ya 1. Suuza chumvi kwa maji baridi (yasiyo ya bahari), acha pakauke kabisa, kisha saga kingo kwa grainda. Hapa ndipo viraka vingi hufia. Usiache ukingo wima. Ulaze mteremko wa mara 12 ya unene. Ukuta wa milimita 6 unataka sentimita 7 hivi kuzunguka tundu lote. Barakoa na miwani vaa, vumbi la kioo halina urafiki.

Hatua ya 2. Kata vipande vya mkeka na vya kitambaa, vyote vya nyuzi za kioo, kila kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Mkeka una nyuzi fupi zilizotawanyika, nguvu yake ni sawa kila upande. Kitambaa kilichofumwa kina nguvu zaidi, ila kwa kufuata uzi tu. Ukikivuta mshazari kinalegea. Vipishanishe.

Hatua ya 3. Pima kwa mizani, si kwa jicho. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hunywa takriban kilo moja ya resini. Kitambaa huhitaji uzito wake tu. Kwa resini ya poliesta na joto letu la pwani, gramu 10 za hadina (dawa ya kuigandisha) kwa kilo ya resini zinatosha.

Hatua ya 4. Paka, laza, gonga kwa brashi, pitisha rola. Ukiona weupe, hapo pana hewa. Tabaka tatu au nne, kisha subiri zipoe.

MASWALI

Fundi, naweza kutumia epoksi badala ya poliesta?
Ndiyo, na hushika vizuri zaidi kwenye faiba ya zamani. Lakini gundi inayoshika nyuzi za mkeka wa kawaida huyeyushwa na staireni iliyomo kwenye poliesta, na epoksi haina staireni. Mkeka utabaki mgumu, haulali. Tumia kitambaa.

Kaka, nikiweka nyuzi za kaboni badala ya kioo si itakuwa imara zaidi?
Itakuwa ngumu kupinda zaidi, karibu mara tatu ya kioo kwa nyuzi zenyewe. Sasa kiraka kigumu ndani ya boti inayonyumbuka kitapasuka pembeni. Tena kaboni ikigusa alumini kwenye maji ya chumvi, alumini inaliwa. Baki na kioo.

Resini yangu haikuja na kobalti, ile dawa ya kuharakisha kuganda. Nichanganye kobalti na hadina kwanza, kisha nimimine kwenye resini?
Usithubutu! Vikikutana vyenyewe hulipuka. Kobalti ikoroge kwenye resini mpaka ipotee, hadina iingie mwisho.