Namna ya kubaki kwenye lengo lako ari inaposhuka

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Ruangwa hapulizi salfa kwa sababu ameamka na mzuka. Anapuliza kwa sababu maua yametoka. Ni Julai, mfukoni hamna kitu, minada haijafika mpaka Oktoba, na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mkorosho, haumsubiri mtu. Salfa ya unga hurudiwa kila baada ya siku 14 hivi, dawa za maji kila baada ya siku 21. Ukiruka mzunguko, maua yanakauka kabla ya kushika.

Mtu huyohuyo akiamua kurudia mtihani wa kidato cha nne, kujenga nyumba au kuacha sigara, anaiachia ari ifanye kazi yote. Ari ni moto wa makuti. Inafaa kuwashia, haifai kupikia maharage. Kinachotakiwa ni kutumia zile siku chache za moto kutengeneza ratiba, kufuli na ahadi zitakazokubeba utakapokuwa huna hamu kabisa.

Anza na hesabu ya wiki

Chukua kaunta buku, andika lengo kwa idadi na tarehe. Tuseme wewe ni mtahiniwa binafsi, unarudia hisabati na baiolojia, na mtihani ni Novemba. Kwa mikoa yetu ya Lindi na Mtwara, hiyo ni tarehe ngumu, kwa sababu Oktoba na Novemba korosho zinaanguka na kila mkono unahitajika shambani. Kwa hiyo usipange mpaka Novemba. Panga kumaliza tarehe 30 Septemba, halafu Oktoba iwe ya kupitia maswali tu.

Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba ni wiki 26. Ukiwa na mada 20, ni mada moja kwa wiki, na wiki 6 zinabaki. Hizo 6 si za mapumziko. Ni za homa, misiba, na ngoma za unyago na jando zinazojaa wakati wa likizo ya Juni na Julai. Ratiba nyingi hufa hapa: mtu anapanga wiki zote 26 zijae, msiba wa kwanza ukitokea anajiona ameshindwa, anafunga daftari.

Weka kiwango cha siku mbaya

Kila lengo lina viwango viwili. Cha kawaida, mfano dakika 60 za kusoma au kuweka akiba shilingi 2,000. Na cha siku mbaya: swali moja, au shilingi 200. Kipimo chake ni hiki: je, unaweza kukifanya umetoka shamba umechoka, umeme umekatika na mtoto analia? Kama huwezi, gawa kwa mbili. Usione aibu kuandika kitu kidogo. Kazi ya swali hilo moja ni kulinda saa yako isichukuliwe na jambo jingine.

Hatari ipo upande wa pili. Mtu akishaonja kiwango kidogo anahamia huko moja kwa moja. Jiwekee kikomo cha siku mbaya 3 kwa wiki. Zikifika 4 wiki mbili mfululizo, kiwango chako cha kawaida ni kikubwa mno au saa uliyochagua haifai. Badilisha kimojawapo, usiongeze kujilaumu.

Funga kazi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya

"Nitasoma asubuhi" haina mwanzo. Asubuhi ni ndefu, na simu iko karibu. Andika hivi: "Nikimaliza swala ya alfajiri, nitakaa kwenye kiti cha barazani na kufanya maswali mawili ya hisabati kabla sijawasha simu." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika kuhusu mipango ya namna hii mwaka 1999: ukitaja mapema lini, wapi na nini, tukio lenyewe linakukumbusha, na huhitaji kuamua upya kila siku. Uamuzi wa kila siku ndio unaomchosha mtu.

Tukio la kufungia liwe la kila siku, lenye mwisho unaoonekana: kumaliza swala, kufunga genge, kushusha chandarua cha watoto. "Baada ya chakula cha usiku" ni dhaifu, kwa sababu chakula huisha kwa maongezi.

Halafu andaa usiku. Daftari likae mezani limefunguliwa kwenye ukurasa wa kesho, peni juu yake, taa ya sola imechajiwa, swali la kwanza limeshanakiliwa juu ya ukurasa. Hili la mwisho watu hulidharau, na ndilo lenye nguvu kuliko yote. Ukikuta swali limeandikwa "Tafuta eneo la duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 7", mkono unaanza wenyewe. Ukikuta ukurasa mweupe, unaanza kutafuta kitabu, na kwenye kutafuta unapotea.

Andika pia sentensi moja ya kikwazo unachokijua: "Nikiitwa shamba alfajiri, nitafanya swali moja saa moja jioni kabla ya kuoga." Na mwezi wa Ramadhani ukikaribia, andika sentensi mpya ya mwezi huo, pengine ya mara baada ya daku. Usisubiri mfungo uanze ndipo ugundue saa yako haipo.

Itachukua muda gani hadi iwe mazoea? Phillippa Lally na wenzake jijini London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Wastani ulikuwa siku 66, lakini tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea. Kwa hiyo siku ya 30 ikiwa bado nzito, hujakosea kitu.

Fedha ifungwe ingali ya moto

Hela ya korosho huingia kwenye akaunti baada ya mnada, na siku hiyo kila mtu ana mipango mizuri. Kufika Machi imebaki hadithi. Igawe siku ileile inapoingia, kabla hujapanda bajaji kwenda dukani: chakula hadi mavuno, ada, pembejeo za msimu ujao, na lengo. Fungu la lengo litoke kwenye akaunti ya simu, kwa sababu kinachotoka kwa kubonyeza namba kitatoka tu.

Kama unajenga, badilisha fedha iwe vifaa, ila kwa mpangilio. Matofali na mawe kwanza, bati baadaye. Usinunue simenti ya kuweka. Inanyonya unyevunyevu wa pwani, na baada ya miezi mitatu hivi nguvu yake imeshuka hata kabla haijawa mabonge. Nondo nazo zikilala nje Mikindani au Kilwa Masoko, hewa ya bahari inazila.

Kikundi cha hisa ni kufuli bora zaidi kwa mtu wa kipato cha msimu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, hisa zinanunuliwa mbele ya wote siku ya kikao, na mgao ni mwisho wa mzunguko, kwa kawaida mwaka. Utaona aibu kufika mikono mitupu, na aibu hiyo ndiyo inayokusaidia. Kisiwani Mindanao, Ufilipino, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba wateja wa benki waliopewa nafasi ya akaunti isiyofunguka hadi lengo litimie waliongeza akiba kwa pointi 81 za asilimia zaidi ya wenzao, baada ya miezi 12. Kikundi ambacho sanduku na funguo zote viko kwa mtu mmoja, usiingie, hata kama ni mjomba wako.

Shahidi mmoja

Usitangaze lengo kwenye status. Pongezi zikishakuja, moyo unaridhika kana kwamba kazi imefanyika. Chagua mtu mmoja asiyekuonea huruma kupita kiasi, mtumie ujumbe kila Ijumaa jioni, tarakimu tupu: "Shikamoo dada. Wiki hii siku 5 kati ya 6. Maswali 14. Siku mbaya 2." Mwombe asikusifu wala kukufokea, aulize swali moja tu: "Marahaba. Siku ya sita ilikwamia wapi?" Wiki tatu za kujibu swali hilo zitakuonyesha kikwazo chako halisi, na mara nyingi si kile ulichodhani.

Ukianguka

Rudi ndani ya siku mbili, kwa kiwango cha siku mbaya, na usifidie. Aliyekosa siku tano kisha akajilaza na vitabu Jumapili nzima, Jumatatu anaumwa kichwa na Jumanne haonekani. Siku zilizopita zihesabu kwenye zile wiki 6 za akiba.

Wakati mwingine si uvivu. Uchovu usioisha unaweza kuwa malaria au upungufu wa damu, pima. Na kama kwa wiki mbili au zaidi huna raha na chochote, usingizi umeharibika na unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, na ina matibabu. Anza zahanati ya karibu, au nenda Ligula mjini Mtwara, au hospitali ya Sokoine mjini Lindi. Ratiba isubiri.

Kubadili lengo kunaruhusiwa, lakini si usiku ukiwa umechoka. Tenga siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi, ujiulize: kama ningekuwa naanza leo, ningelichagua hili? Jibu likiwa hapana, lipige mstari kwa peni, andika tarehe pembeni, na Ijumaa inayofuata umwambie shahidi wako.