Umeambiwa spika mpya zinahitaji masaa 200 ndo zilainike? Pima kwanza

Wakuu habari zenu. Mwaka jana nilichukua spika mbili za kusimama na amplifaya kwenye duka moja hapa Mwanza mjini, nikazipakia kwenye bajaji mpaka Nyegezi, nikafunga, nikawasha, besi hakuna. Nikampigia muuzaji, akajibu hapo hapo, "Kaka hizo bado mpya, zipe masaa 200 zitafunguka zenyewe." Na mi nikakubali maana si ndo tunavyofanya na pikipiki mpya, huikimbizi mpaka injini izoee.

Sasa piga hesabu. Masaa 200 ukiimbisha masaa 8 kwa siku ni siku 25, risiti yangu inasema mwisho wa kurudisha siku 7. Na mziki ukila wati 50 hapo umechoma unit 10 za LUKU kwa kusubiri tu.

Anza na waya, kwangu shida ilikuwa hapo. Spika moja nilichomeka nyekundu kwenye nyeusi, kwahiyo moja ikisukuma hewa mwenzake anavuta, besi zinauana katikati. Kujua ni rahisi: zisogeze karibu karibu, weka wimbo wenye besi nzito, sikiliza, zima, geuza waya za spika moja tu afu washa tena, pale besi inaponenepa ndo sahihi. Zile waya za rangi moja angalia vizuri, mara nyingi upande mmoja una kamstari au maandishi. Kama bado una wasiwasi chomoa spika kwenye amplifaya, chukua betri ya volti 1.5 ya redio, gusisha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi, sekunde moja tu, koni zote mbili za besi (zile sahani zinazocheza mbele) ziruke upande mmoja. Moja ikitoka nje na nyingine ikizama ndani, kuna mtu kageuza waya ndani ya boksi la spika.

Afu chumba. Jamaa yangu wa Igoma alihamia nyumba yake mpya, chini vigae, ukuta mtupu, mziki ukafika kabla ya sofa (vijana bwana!). Twita (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba) zikawa zinakata masikio. Miezi miwili baadae ananiambia zimelainika, mi natupa macho sebuleni naona zulia, sofa, na mapazia mazito aliyoleta shemeji. Kilicholainika ni chumba. Hata kuisogeza spika nusu mita tu kutoka kwenye kona unasikia besi imebadilika.

Sisemi kulainika hakupo. Ule mpira wa pembeni mwa koni na kile kitambaa cha mikunjo kwa nyuma yake vinalegea kidogo, ila sehemu kubwa inaisha dakika za mwanzo tu, na spika ikiwa ndani ya boksi lake tofauti ni ndogo sana. Na wanaosema hata waya wa shaba unalainika, hapo ndo hakuna kabisa, kwenye injini chuma kinasuguana na chuma, waya unasuguana na nini? Anayezoea ni wewe, na sikio halikumbuki sauti ya wiki iliyopita kama unavyodhani.

Ukiwa mbishi kama mimi fanya hivi. Spika moja irudi kwenye katoni yake usiiguse, nyingine iimbe siku nne tano. Kisha ziweke ubavu kwa ubavu, zifunike kitenge chepesi, simu iweke sauti ya mono (spika zote mbili zipate sauti ile ile), mtu mwingine arushe sarafu achague ipi ilie kwa kuzungusha balansi (kile kitufe cha amplifaya cha kupeleka sauti kushoto au kulia), na katikati ya zoezi azibadilishe nafasi wewe ukiwa nje. Volyumu isiguswe kabisa, ikiongezeka kidogo tu utasema hiyo ndo nzuri. Taja mara 10 ipi ndo iliyoimba sana. Kwa kubahatisha unapata 5 hivi, kufika 9 au 10 kwa bahati ni kama mara 1 kati ya 100. Mi nilipata 6, mdogo wangu ambaye mziki wake wote ni wa simu akapata 5.

Ila zoezi hilo hilo lifanye na siku ya kwanza, zote zikiwa mpya. Ukizitofautisha mara 9 hata kabla hazijaimba, basi hazikutoka sawa kiwandani, zibebe urudishe dukani siku 7 hazijaisha.